Kidole Kwenye Mstari

Mjukuu wangu Mwende alikuja kuniaga akasema anaenda chuo kikuu kusomea biashara na sheria, zote mbili pamoja, shahada moja. Nilishtuka, chai ikanimwagikia gotini. Yeye alidhani ni furaha. Alinipangusa kwa leso yake akasema, "Babu, si ungengoja ipoe kwanza."

Chai ilikuwa imepoa zamani. Mimi mwenyewe niliisoma shahada hiyo miaka mitatu, na sijawahi kumwambia mtu wa nyumba yangu. Nyinyi mnaonijua hapa Zombe mnanijua kama mzee wa meza, yule anayewaandikia barua na hati kwenye baraza ya duka, na labda mnafikiri nilizaliwa pale na taipureta yangu. Basi Mwende, na wenzako mnaobeba vitabu vya aina mbili kwa mkono mmoja, kaeni niwaeleze. Nitaruka huku na huku, mnivumilie. Kuna mahali kwenye habari hii sipendi kufika, kwa hivyo nitazunguka kidogo kabla.

Nilikuwa karani wa wakili mjini Kitui, miaka ya sabini. Wakili mwenyewe tumwite Musembi. Nilikuwa na kidato cha nne, mashati mawili meupe, na woga. Siku moja niliona kwenye gazeti tangazo la chuo cha ng'ambo: biashara na sheria pamoja, masomo kwa posta. Nilijaza fomu mara tatu kwenye karatasi ya mazoezi kabla ya kuigusa fomu yenyewe. Baada ya miezi miwili bahasha zikaanza kuja, moja ya sheria, moja ya biashara. Jumatatu nilisoma sheria, Jumanne biashara, hivyo hivyo mpaka Jumamosi. Jumapili nilienda kanisani na muhtasari wa sheria ya mikataba ndani ya kitabu cha nyimbo. Siku moja tuliambiwa tusimame tuimbe, nikasimama, nikafungua mdomo, na nilichokiona mbele yangu ni masharti ya kuuza mali iliyoharibika. Niliimba hivyo hivyo. Jirani yangu kwenye benchi alinitazama mpaka mwisho wa ubeti.

Sikuwa na wa kumuuliza. Mtu anayejifundisha peke yake ana ugonjwa mmoja: hajui ni kitu gani anaruhusiwa kutokijua. Kwa hivyo anaogopa kila kitu. Nilirudia barua nzima kwa sababu ya koma moja. Nilipima pambizo kwa rula. Nilinawa mikono kabla ya kugusa karatasi ya hati, na nilikuwa na kitambaa cha kuikaushia ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Sikutupa kitu. Kila rasimu niliyoiandika kwa penseli niliiweka kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe ukijaa naanza mwingine, kwa sababu niliogopa kwamba siku moja mtu atauliza nilifikaje kwenye neno fulani na sitakuwa na jibu. Kumbukeni hiyo mikebe.

Wakulima wawili walikuja wakitaka kubadilishana fahali na jembe la kukokotwa. Kitu cha mistari minne. Niliwaandikia kurasa tatu: afya ya fahali, umri wa jembe, itakuwaje mmoja wao akihama, itakuwaje mvua isiponyesha. Nilimaliza Alhamisi. Fahali alikufa Jumatano. Mzee Kilonzo, karani mkuu wetu, alicheka mpaka akavua miwani. "Mutiso," akasema, "kwenye karatasi yako huyo fahali bado ni mzima kabisa."

Huyo Kilonzo ndiye mwalimu wangu, ingawa wakati huo sikujua. Alikuwa amefanya kazi ya ukalimani mahakamani miaka mingi kabla ya kuja kwetu. Hakuwa na cheti chochote. Alinifundisha kuigeuza kaboni juu chini ikichakaa ili nakala ya nne isomeke. Alinifundisha kushona faili kwa uzi wa kijani upande wa kushoto, na kutofuta kosa kwa raba kwenye nakala za kaboni, maana raba huacha tundu na tundu huleta maswali. Na alinifundisha jambo moja ambalo nililidharau.

"Ukimsomea mtu asiyejua kusoma," alisema, "weka kidole kwenye mstari. Kidole kitangulie, mdomo ufuate. Mdomo ukitangulia, ushaanza kumtungia."

Niliitikia kwa heshima na sikufanya. Ribeni mpya ya taipureta inaacha wino mbichi. Ukiburura kidole juu yake, karatasi inachafuka. Na mimi karatasi zangu zilikuwa safi, wilaya nzima walizijua.

Sasa nimefika pale nisipopenda.

Mama Kalondu alikuja ofisini asubuhi ya siku ya soko, na kiondo mkononi na kofia ya kiume kichwani. Alikuwa mjane mzee mwenye duka Zombe, kwenye ploti aliyopewa na baraza la wilaya. Duka lenyewe mnalijua, hapa ndipo ninapokaa. Aliuza sukari, mafuta ya taa, mbegu, shuka. Mumewe alikufa bila kumwachia mtoto. Nyuma yake aliingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, Mbithe, aliyebaki mlangoni akisokota uzi wa katani pajani bila kuangalia mikono yake.

Wakili Musembi alikuwa mahakamani. Nikamkalisha Kalondu, nikachonga penseli.

"Nataka karatasi ya duka," akasema kwa Kikamba. "Nimezeeka. Nataka iandikwe kwamba huyu ni mke wangu. Nilimwoa. Mbuzi wa ntheo nilipeleka mimi mwenyewe kwao, watatu, mchana watu wakiona. Watoto wake watatu ni wangu. Nikifa, duka ni lao."

Mnajua alichokuwa akisema. Kwetu Ukambani mwanamke asiyejaliwa mtoto aliweza kuoa mwanamke mwenzake, anayeitwa iweto, amzalie watoto wa nyumba yake. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga posa, wakishafika, mke ni mke. Mimi pia nilijua. Nilikuwa nimesikia. Lakini nilikulia kwenye nyumba ya kanisa, na jambo hilo kwetu lilitajwa kama linavyotajwa tambiko, kwa sauti ya chini na kuhusu watu wengine. Niliandika maneno yake yote kwa penseli. Masikio yalikuwa yananiwaka.

"Unaandika?" akaniuliza.

"Naandika, mama."

"Andika vizuri. Nasikia wewe ndiye fundi."

Walipotoka kwenda sokoni niliketi kwenye taipureta kuigeuza rasimu kuwa hati ya kiapo kwa Kiingereza. Nikakwama. Bahasha ya sheria ya mwezi ule ilikuwa inahusu ndoa, na ilisema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Nikafungua bahasha ya biashara. Hiyo ilisema mtu anayefanya kazi dukani ni mmoja kati ya watatu: mwenyewe, mbia, au mwajiriwa. Mke wa mwanamke hakuwemo kwenye bahasha yoyote. Vitabu viwili kutoka ng'ambo vilikuwa vimekubaliana, na mimi nilikuwa nani nibishe. Niliogopa wakili ataniona mshamba. Niliogopa hakimu atacheka. Niliogopa mtahini fulani ambaye hajawahi kuniona, aliyekuwa anakaa kichwani mwangu siku zote na kalamu nyekundu.

Nikaandika kwamba Mbithe ni mwajiriwa wa Kalondu katika duka, anayeishi hapo pamoja na watoto wake kwa ruhusa ya mwajiri. Mbuzi nikawaacha. Nilijiambia mbuzi si jambo la kisheria.

Ilikuwa hati nzuri sana. Hakuna koma iliyokosea.

Kalondu aliporudi, nikamsomea. Na hapa ndipo, Mwende, chai iliponimwagikia. Kwa sababu sikumsomea nilichoandika. Niliishika karatasi mbele yangu kwa ncha za vidole, nisiichafue, nikamwangalia usoni nikamwambia kwa Kikamba: "Hapa inasema Mbithe ni wako, ulimwoa, watoto ni wako, duka ni lao." Nilimsomea alichosema yeye. Sikuona kwamba nadanganya. Nilifikiri nimetafsiri: maneno yake kwake, maneno ya kitabu kwa serikali, na kila mmoja ameridhika.

Kalondu aliitikia kila sentensi. Akaweka kidole gumba. Chini ya alama yake kuna maneno yanayosema hati imesomwa kwa mwapaji kwa lugha anayoielewa, naye ameielewa, na chini ya maneno hayo kuna sahihi ya msomaji. Niliweka sahihi yangu. Ilikuwa sahihi nzuri, nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Musembi aliporudi alimwapisha Kalondu, akapiga muhuri bila kusoma, maana kazi yangu haikuhitaji kusomwa mara mbili.

Kalondu alinishika mkono akasema, "Sasa nitalala."

Miaka miwili ikapita. Nilifaulu mitihani ya mwaka wa kwanza na wa pili, nikaingia wa mwisho. Habari ya Zombe ilikuwa imetoka kabisa kichwani.

Kisha akaja Muthengi. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mtu mtaratibu mwenye tai, mtoto wa ndugu ya marehemu mume wa Kalondu. Nilimkaribisha kiti. Alisema mama yake mdogo, Kalondu, amefariki, tumpe pole, na kwamba anataka kusaidiwa kuchukua ploti ya ukoo wao, kwa sababu kuna mfanyakazi amekataa kutoka.

"Karatasi ziko wazi," akasema. Akatoa nakala kutoka kwenye bahasha, akailaza juu ya meza yangu kwa uangalifu. "Nimeipata kwenye faili ya baraza. Nimefundisha miaka kumi na sita na sijaona karatasi safi namna hii. Nani aliandika?"

Nikaiona. Ilikuwa nakala ya pili ya kaboni, na pambizo zake zilikuwa sawa kabisa. Unajua ninavyosema nilishtuka, nimelitumia neno hilo mara nyingi maishani kwa vitu vidogo. Siku ile halikuwa la kitu kidogo. Nilisoma neno mwajiriwa kama mtu aliyeliona mara ya kwanza, na nilikuwa nimelipiga mwenyewe, herufi kwa herufi.

"Ni mimi," nikasema.

"Hongera," akasema Mwalimu Muthengi.

Hakuwa mwizi, nawaomba msimchukie. Aliamini karatasi. Mimi ndiye niliyemfundisha kuiamini. Musembi alisoma hati ile dakika moja, akasema kesi ni nyepesi, akachukua kazi.

Nilimfuata Kilonzo chumba cha faili nikafunga mlango. Nilimweleza yote. Alikuwa anashona faili na hakuacha kushona.

"Ulimsomea nini?"

"Alichosema."

"Na ulikuwa umeandika nini?"

"Kingine."

"Kidole kilikuwa wapi?"

Akakata uzi kwa meno. "Basi umemtoa mwanamke na watoto watatu nyumbani kwao kwa sababu hukutaka kuchafua karatasi. Nimefanya kazi na walevi, Mutiso, na wala rushwa. Hawajawahi kufanya jambo la namna hii. Wangesahau mahali fulani. Wewe hukusahau hata nukta."

Mwisho wa wiki nilipanda kwetu Mbooni. Nilitaka mama aniambie si kosa langu. Ile njia ya kutoka Kikima kwenda juu nilikuwa nikiipanda bila kupumzika, lakini siku hiyo nilikaa mara tatu. Mama alikuwa anapukuchua maharagwe. Nikaketi, nikachukua maganda, nikaanza kumsaidia na kueleza. Nilieleza kama wakili. Nilisema sheria haitambui, nilisema kitabu kinasema mwanamke hawezi kuwa na mke.

"Kitabu cha nani?" mama akauliza.

"Cha chuo."

"Hao wa chuo wamewahi kufika hapa?"

"Mama, hayo ni mambo ya watu wa zamani."

Akaweka ungo chini. "Wewe ni wa nyumba ya nani?"

"Ya Susu Wayua." Hao susu zangu, yaani nyanya, walikuwa wawili, Wayua na Ndunge. Wote wawili walinibeba. Wote walikuwa wamezikwa pale chini ya shamba, bega kwa bega.

"Na Susu Ndunge alikuwa nani?"

"Mke mwenza wa Susu Wayua."

"Mume wao nani?"

"Babu Mutiso. Si ndiye nimepewa jina lake?"

"Mutiso alikufa," mama akasema, "Ndunge akiwa hajazaliwa."

Nilibaki na ganda la maharagwe mkononi. Mama alinitazama akanihurumia, lakini hakuacha.

"Wayua aliachwa mjane hana mtoto. Akauza ng'ombe, akamwoa Ndunge, Ndunge akamzaa baba yako. Baba yako alipokuwa mzee wa kanisa akasema tusilitaje jambo hilo, na mimi sikulitaja. Lakini hili shamba lililokusomesha ni la Wayua, na wewe umelipata kwa sababu hakuna karani aliyekuja hapa kuandika kwamba Ndunge ni mfanyakazi."

Niliwaambia nilishtuka mbele ya Muthengi. Ule ulikuwa mzaha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, nimesoma sheria ya urithi usiku mpaka kunakucha, na sikuwa nimewahi kupiga hesabu ya nyumba yangu mwenyewe. Kwa kitabu changu, baba yangu alikuwa mtoto wa mwajiriwa. Niliangalia yale makaburi mawili. Nilikuwa nimeyapalilia kila Desemba.

Niliporudi Kitui nilishusha mikebe ya biskuti. Rasimu ilikuwa kwenye mkebe wa nne, ya penseli, na kila neno la Kalondu lilikuwamo: iweto, ntheo, watatu, mchana watu wakiona. Nikaipeleka kwa Musembi.

Aliisoma. Aliufunga mlango polepole. Hakuwa mtu mbaya pia, na hilo ndilo lililonichanganya siku zile, nilikuwa natafuta mtu mbaya nikawa najipata mimi tu.

"Penseli si hati," akasema. "Mutiso, nisikilize. Kama utaitwa, utaulizwa kama ulimsomea yule mama. Ulimsomea?"

"Nilimsomea."

"Basi utasema ndiyo. Ni kweli. Hujadanganya." Akafungua droo, akatoa barua. Niliifahamu, niliiandika mwenyewe: chuo kilitaka barua ya mwajiri kuhusu tabia njema kabla ya mitihani ya mwisho. Ilibaki sahihi yake tu. "Hii nitaisaini siku kesi ikiisha. Karani aliyekiri kwamba alidanganya juu ya sahihi yake, mimi siwezi kumwandikia kwamba ana tabia njema. Na wewe ungekuwa mimi usingeweza."

Alikuwa sawa. Nisingeweza.

Siku ya kesi Mbithe alikuwa kwenye korido ya mahakama tangu asubuhi, anasokota katani. Hakuwa na wakili. Lakini Kilonzo alikuwa amemwambia aseme jambo moja tu, na alipoulizwa kama ana la kusema alilisema: "Naomba yule karani aliyemsomea aitwe."

Nikapanda kizimbani. Musembi aliniuliza kama hii ni sahihi yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama nilimsomea marehemu. Nikasema ndiyo. Akaketi. Ingeweza kuishia hapo, na barua ingesainiwa mchana ule.

Hakimu alikuwa mtu wa sauti ndogo. Alisema, "Mama huyu hajui kilichoandikwa humu. Msomee kwa Kikamba, kama ulivyomsomea marehemu."

Nikaishika ile hati. Kwa ncha za vidole, tabia ni tabia. Mbithe alikuwa ameacha kusokota. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mikono yake ilikuwa imetulia.

"Mheshimiwa," nikasema, "nisome kama nilivyomsomea, au kama ilivyoandikwa?"

Nilimwona Musembi akifunga macho.

"Kuna tofauti?" hakimu akauliza.

"Ipo, mheshimiwa."

"Anza na ilivyoandikwa."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Nikasoma, kwa Kikamba, polepole. Nilipofika kwenye mwajiriwa nilirudia neno lile mara mbili. Mbithe alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia. Aliuliza tu, akiniangalia mimi wala si hakimu, "Hivyo ndivyo ulivyoniandika siku ile, na mimi nimesimama pale mlangoni?"

"Ndivyo."

"Tulikuwa tumekuletea ndizi," akasema.

Ni kweli. Walikuwa wameniletea ndizi. Nilikuwa nimesahau.

Kisha nikatoa karatasi ya penseli mfukoni nikasoma hiyo nyingine. Hakimu aliichukua, akaisoma mwenyewe, akaniuliza tarehe iliyo pembeni kama niliiandika siku hiyo hiyo, nikamwambia huwa naandika tarehe kwenye kila kitu. Akamwuliza Mwalimu Muthengi kama mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa akina Mbithe. Muthengi alisimama, akarekebisha tai.

"Mheshimiwa," akasema, "mmoja nilimkokota mimi."

Mbithe alibaki dukani. Faili ya ploti ikarekebishwa kwa jina lake na watoto wake. Mimi hakimu alinitazama akasema kuna mengi ambayo angeweza kunifanyia, na kwamba niende nikayafikirie mwenyewe. Nimeyafikiria. Musembi aliniachisha kazi jioni ile kwa adabu, akanishika mkono. Barua haikusainiwa. Bahasha ziliendelea kuja miezi miwili, nyeupe ya sheria na ya kaki ya biashara, kisha zikakoma. Kwa hivyo Mwende, ukiulizwa kama kwenu kuna mtu aliyewahi kuisoma shahada hiyo, sema yupo, na sema hakuimaliza.

Nilikwenda Zombe kuomba msamaha. Nilikuwa nimeandika hotuba, mara tano. Mbithe alikuwa anapima mbegu, akanisimamisha kabla sijaifungua.

"Taipureta unayo?"

"Ninayo, ya zamani."

"Ilete. Watu hapa wanasafiri mpaka Kitui kuandikiwa karatasi. Kaa hapo barazani." Akaonyesha pembe hii hii, inayoonekana kutoka kaunta. "Hapo nitakuona."

Nilidhani ni msamaha. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alimaanisha alichosema. Alitaka kuniona.

Mteja wa kwanza alikuwa yeye. Alitaka karatasi ya duka, itakayosema likimpata jambo duka ni la nani. Aliongea, nikaandika kwa penseli. Nikapiga taipu. Nikaanza kumsomea, akainua mkono akamwita binti yake Syombua, aliyekuwa kidato cha tatu na alikuwa amefika likizo.

"Wewe simama nyuma yake," akamwambia. "Karani anisomee kwa mdomo, wewe usome kwa macho. Akiruka kitu, mpige begani."

Syombua akasimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake kwenye kola. Jasho lilinitoka kuliko siku ya mahakama. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, ribeni ilikuwa mpya, na nikakiburura taratibu mpaka chini.

"Imesema hivyo?" Mbithe akauliza.

"Imesema," akasema Syombua.

"Yote?"

"Yote, mama."

Ndipo akaweka kidole gumba chake. Karatasi ile ipo mpaka leo kwenye kabati nyuma ya kaunta, na mtu akiomba huonyeshwa. Kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho ina doa refu jeusi la kidole changu. Ndiyo karatasi chafu kuliko zote nilizowahi kuandika.